Neno Nililotafsiri Vibaya: Historia Fupi ya Deti, Uchumba na Sebule

Mwaka juzi kituo chetu cha vijana hapa Kakuma kilipata mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, akafundisha Kiingereza cha jioni kwa miezi minane. Sisi tulimwita Ticha, na hapa pia nitamwita hivyo tu. Mimi nilikuwa msaidizi wake darasani, kwa insentivu. Nilikuwa naandika mahudhurio, nagawa karatasi, na pale Kiingereza kilipokwama natafsiri kwa Kiswahili.

Wiki ya pili Ticha akaandika ubaoni kichwa cha insha: "date" yangu ya kwanza. Kwao neno hilo ni siku mvulana na msichana wanaopendana wanapotoka pamoja, kwenda kula kitu au kutazama filamu. Siku hizi hata Wakenya wanasema "kwenda deti". Lakini alisahau kwamba kwa Kiingereza neno hilo hilo ndilo tarehe, na ndilo tende.

Nilikusanya karatasi 31. Wengi waliandika tarehe. Kijana mmoja wa Sudan Kusini aliandika siku na mwezi aliovuka mpaka pale Nadapal, na jinsi lori lilivyowafikisha hapa usiku. Mkongomani mwenzangu aliandika tarehe aliyopata kadi yake ya mgao, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa kwenye kadi ya mtu asiye ndugu yake. Msichana mmoja Msomali aliandika ukurasa mzima juu ya tende alizokula na bibi yake mfungo ulipofunguliwa, mara yake ya kwanza kufunga Ramadhani. Ni vijana wachache sana walioelewa Ticha alichotaka. Mmoja wao aliandika sentensi moja tu: kwetu kitu hicho hakipo.

Ticha alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akaanza kusoma moja moja, akanyamaza. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba baada ya miezi mitatu neno hilo hilo lingenikamata mimi, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Siku ya wazee

Katika darasa lile kulikuwa na msichana wa miaka 16, Mkongomani, kidato cha pili. Kulikuwa na mvulana wa miaka 17, Mnuer wa Sudan Kusini. Walikuwa wanafanya mdahalo pamoja, halafu wakawa wanatembea pamoja baada ya darasa mpaka pale njia inapogawanyika. Siku nyingine walikaa kwenye ukingo wa laga wakizungumza kabla jua halijazama. Ni hayo tu. Kila mtu aliyepita aliwaona, kwa sababu Kakuma haina mahali pa kujificha. Miti ni ya miiba na udongo ni mweupe, mtu anaonekana toka mbali.

Ijumaa moja wazee wakaja kituoni. Kwa upande wa msichana walikuja baba yake mdogo, mzee wa kanisa na mama mmoja wa bloku yao. Kwa upande wa mvulana, ambaye hana wazazi hapa, alikuja binamu yake mkubwa na mzee mmoja wa jamii yao. Walitaka kujua nini kinafundishwa hapa jioni. Kwa utaratibu wetu nilipaswa kumpigia kwanza ofisa wa ulinzi wa watoto. Sikumpigia. Nilifikiri ni mazungumzo ya nusu saa, nikaweka viti chini ya mwarobaini na kuagiza chai.

Baba mdogo akauliza: hawa watoto wana nini kati yao? Ticha, kwa nia njema kabisa, akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna ubaya, wako kwenye deti tu kama vijana wengine wa umri wao. Wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilikuwa na sekunde mbili. Kichwani mwangu nikatafuta neno la Kiswahili lenye heshima. "Wanapendana" niliona ni zito mbele ya wazee. "Ni marafiki" niliona ni uongo, maana kwetu ukisema rafiki ya msichana kwa sauti fulani watu wanaelewa kitu kingine. Basi nikachukua neno nililolisoma shuleni, neno ambalo hata kamusi inakupa. Nikasema: "Ticha anasema wanachumbiana."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Banachumbiana? Sasa mali iko wapi? Na nani alikuya kupiga hodi kwetu?"

Msomaji anayejua Kiswahili ameshaona kosa langu. Uchumba kwetu si kutembea pamoja. Uchumba ni familia mbili kujuana. Kwanza anatumwa mtu, mshenga, apige hodi. Posa inapelekwa, inajibiwa, mahari inatajwa. Kwetu Kongo mahari inaitwa mali, au dote kwa wale waliosoma Kifaransa. Mtu akisema vijana wanachumbiana, amesema kwamba mambo hayo yote yamefanyika, au yalipaswa kufanyika na familia imeibiwa. Kwa neno moja niliwapa wazee wa msichana madai, na wazee wa mvulana deni.

Mzee wa Kinuer alipotafsiriwa, akauliza kwa utulivu ni ng'ombe wangapi. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, ng'ombe wao walibaki kwenye vita. Alikuwa anauliza kwa heshima, kwa sababu kwao ukiambiwa kuna uchumba huwezi kunyamaza. Binamu akasema kuna ndugu yuko Australia, labda atatuma kitu. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tunajadili ndoa ya watoto wawili ambao walikuwa wameketi darasani nyuma yetu wakisahihisha zoezi la sarufi.

Ticha hakuelewa kinachoendelea. Aliendelea kutabasamu. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Ofisa wa ulinzi alipofika siku iliyofuata aliongea wazi. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, hakuna ndoa chini ya miaka 18. Mtu aliye chini ya umri huo ni mtoto. Kongo pia, Kanuni ya Familia ya 1987 iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 ilibadilishwa mwaka 2016, sasa ni 18 kwa wote. Wazee walimsikiliza, wakakubali. Lakini sheria ilizuia ndoa, haikuzuia aibu. Bloku nzima ilikuwa imesikia kwamba mtoto anachumbiwa bila familia kujua. Baba mdogo akamtoa msichana shule, akampeleka kwa shangazi yake Kalobeyei. Alikaa huko mihula miwili.

Baada ya hapo nilitaka kujua: hili neno la Ticha lilitoka wapi? Na haya yetu yalitoka wapi? Nilimwuliza Ticha, akakiri hata yeye hajui. Kwake deti ilikuwa kama mvua, ipo tu. Basi tukaanza kusoma, yeye kule na mimi huku, tukitumiana kurasa kwa simu kila nikipata bando.

Sebule ya Marekani

Kitu cha kwanza nilichojifunza kilinishangaza. Deti si desturi ya zamani ya Wamarekani. Mababu wa Ticha hawakuijua.

Miaka ya 1800 ikielekea mwisho, katika familia za Kimarekani zenye uwezo kidogo, kijana hakumtoa msichana nje. Alialikwa nyumbani. Aliyemwalika ni msichana mwenyewe au mama yake, na siku zilipangwa. Kijana alikuja amevaa vizuri, akakaa sebuleni, akapewa chai, pengine msichana akapiga kinanda. Mama alikuwa chumba cha pili na mlango uko wazi. Kijana ambaye hakualikwa hakuja, na akija bila kualikwa alionekana hana adabu. Nilipomsomea mama yangu kipande hiki alisema: "Kumbe walikuwa watu."

Nani basi aliyeanza kutoka nje? Ni maskini. Wakati ule miji kama New York na Chicago ilijaa wasichana waliotoka mashambani na wahamiaji waliotoka Ulaya, wanafanya kazi viwandani na madukani. Waliishi vyumba vya kupanga, watu wengi chumba kimoja. Hawakuwa na sebule, hawakuwa na kinanda, na mara nyingi mama alikuwa mbali. Sasa kijana akitaka kuzungumza na msichana, wakae wapi? Walikaa barabarani, kwenye kumbi za dansi, kwenye viwanja vya michezo kama Coney Island, na baadaye kwenye sinema. Mwaka 1896 mwandishi wa gazeti mmoja wa Chicago, George Ade, aliyeandika juu ya maisha ya watu wa kawaida mjini, aliweka neno "date" kwa maana hii mdomoni mwa karani wa ofisi. Ni kati ya mara za kwanza neno hilo kuonekana limechapwa. Lilikuwa neno la mtaani, kama Sheng ya leo.

Na watu wakubwa hawakulipenda. Mjini New York kamati za raia zilituma wapelelezi kwenye kumbi za dansi kuangalia wasichana. Msichana aliyekubali kulipiwa tiketi na mwanaume alishukiwa kuwa malaya. Mishahara ya wasichana ilikuwa midogo kuliko ya wanaume, kwa hiyo ilikuwa ama alipiwe ama akae chumbani. Ni mpaka miaka ya 1920, sinema zilipoenea na magari ya Ford yakawa ya bei nafuu, ndipo watoto wa matajiri nao wakafuata, na desturi ya maskini ikawa desturi ya taifa.

Mwanahistoria wa Marekani, Beth Bailey, aliandika kitabu juu ya mabadiliko haya mwaka 1988. Jambo moja analosema limenikaa sana. Wakati wa sebule, mwenye nguvu alikuwa msichana na mama yake, kwa sababu ni nyumba yao na wao ndio wanaalika. Deti ilipoingia, nguvu ilihamia kwa kijana, kwa sababu ni yeye anayealika na ni pesa yake. Msichana alipata uhuru wa kutoka nyumbani, lakini akalipia uhuru ule kwa kutegemea mfuko wa mwingine.

Soma tena kipande cha wasichana wa viwandani, halafu tazama bloku yako. Nyumba ni chumba kimoja au viwili vya matofali ya udongo na mabati. Watu saba, nane. Hakuna sebule. Wazazi wengine wako mbali, au hawapo tena. Vijana wanaonana bombani, kwaya, uwanjani, kwenye kibanda cha video, kwenye foleni ya mgao. Mvulana mwenye kazi ya insentivu ananunua soda na bando, msichana hana cha kununua. Sisi tunasema vijana wa kambi wameiga wazungu kutoka kwenye simu. Mimi naona ni karibu kinyume. Wametengeneza kitu kile kile kwa sababu ile ile: ukosefu wa mahali pa kukaa.

Walimu wa kigeni wa kwanza

Kitu cha pili nilikipata kwenye maktaba ya shule, katika kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, cha 1938. Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa misheni ya Waskoti pale Thogoto, na baadaye alisoma London chini ya Malinowski, mtaalamu wa mila za watu. Kwa hiyo alijua pande zote mbili, alichoona mwalimu wa kigeni na kilichokuwa nyumbani.

Anaeleza kwamba Wakikuyu wa zamani walikuwa na utaratibu wa vijana waliokwisha tahiriwa kuwa karibu na kuzungumza, unaitwa ngwiko. Ulikuwa na masharti makali, na msimamizi wa masharti hakuwa mzazi wala polisi. Alikuwa rika. Aliyevuka mpaka alihukumiwa na wenzake wa umri wake, akatozwa faini, akadharauliwa. Wamishenari walipouona waliona dhambi tu, wakaukataza kwa waumini wao. Kenyatta anasema walipoondoa utaratibu hawakuondoa ujana. Vijana walibaki na hamu zile zile, lakini bila masharti na bila rika la kuwauliza. Matokeo, anasema, ni wasichana wengi zaidi kupata mimba kabla ya ndoa.

Si lazima ukubaliane na Kenyatta kwa kila jambo. Katika kitabu hicho hicho anatetea ukeketaji wa wasichana, na hapo mimi simfuati kabisa. Pia alikuwa mwanaume anayeandika kuwatetea watu wake, na mtu akitetea kwao hupunguza makosa. Sijui wasichana wa wakati ule wangesema nini, kwa sababu hawakuandika wao. Lakini swali lake linatuhusu. Wakati mwalimu anakuja na kusema "hili ni baya" au, kama Ticha wetu, "hili halina ubaya", je, ameuliza kwanza nani anayelisimamia?

Wasichana ambao hawakuhesabiwa

Kitu cha tatu ni historia ya hapa hapa, chini ya miguu yetu, na wengi wetu vijana hatuijui.

Kakuma ilianza mwaka 1992. Kati ya waliofika mwanzo walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan, wengi Wadinka na Wanuer. Walikuwa wamekimbia vita vyao mwaka 1987 na kuendelea, wakaenda kwa miguu mpaka Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 walifukuzwa huko, wakavuka mto Gilo, wengine wakafa maji, wakarudi Sudan na hatimaye wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio. Dunia inawaita Lost Boys, wavulana waliopotea. Kambini walikaa kwa makundi, wavulana kwa wavulana, kama watoto wasio na wazazi.

Lakini kulikuwa na wasichana pia. Walitembea njia ile ile, walivuka mto ule ule. Walipofika hawakuwekwa kwenye makundi. Kwa mila, msichana hakai peke yake, anakaa kwenye nyumba ya watu. Basi wakagawanywa kwenye familia, za ndugu au za watu wa kabila lao. Kwa macho ya mila hiyo ilikuwa heshima. Kwa macho ya mashirika ilikuwa nafuu pia, watoto wamepata walezi.

Sasa angalia kilichotokea. Ilipofika karibu mwaka 2000, Marekani ilikubali kuchukua watoto hawa waliokua bila wazazi. Zaidi ya wavulana 3,000 walipanda ndege. Wasichana waliokwenda katika mpango ule hawakufika mia moja. Hawakuwa kwenye orodha, kwa sababu kwenye karatasi hawakuwa peke yao, walikuwa na familia. Na baadhi ya familia zile hazikuwa na haraka ya kuwataja, kwa sababu msichana anafanya kazi za nyumbani, na akikua kuna mahari. Kwa Wadinka na Wanuer ng'ombe wa dada ndio wanaomwezesha kaka kuoa. Katika vita, watu wamepoteza mifugo yote, binti aliyebaki ni akiba. Silaumu mila peke yake. Njaa ilikuwepo. Lakini waliopanga orodha walikuwa wageni waliosoma neno "familia" kwa maana ya kwao, na wenye nyumba walikuwa wenyeji waliosoma neno "mlezi" kwa maana yao, na katikati ya maneno hayo mawili wasichana wakapotea mara ya pili.

Hapo ndipo niliona kosa langu si dogo, na si jipya. Mimi pia nilichukua neno la mgeni, nikaliweka ndani ya neno la wazee, na aliyelipa ni msichana. Mvulana yule alibaki shuleni. Alichekwa wiki mbili, basi. Ni msichana aliyepelekwa Kalobeyei.

Tunachofanya sasa

Sitaki kumaliza kwa kusema zamani ilikuwa nzuri. Mshenga wa zamani alipiga hodi mara nyingi kwa ajili ya msichana ambaye hakuulizwa. Sebule ya Marekani ilikuwa ya wenye nyumba tu. Na deti ya Ticha ina hatari zake, hasa pale mmoja ana pesa na mwingine hana. Ninachosema ni kwamba kila moja ilikuwa na jibu la swali moja: vijana wakitaka kuzungumza, wakae wapi, na nani awe karibu? Kambi imeondoa majibu ya zamani na haijaleta jipya. Tunawaambia tu wasikae.

Kituoni tumeanza kitu kidogo. Jumamosi saa tisa mpaka saa kumi na moja banda kubwa liko wazi, mikeka imetandikwa. Vijana wanakuja, wavulana na wasichana, wanacheza ludo, wanasoma, wanazungumza wawili wawili kama wanataka. Kando wanakaa mama wawili, kila wiki wa jamii tofauti, wanapika chai na mandazi. Hawasikilizi mazungumzo, wako tu. Sisi tunaiita sebule. Juma la kwanza walikuja wavulana tu, tena kwa ajili ya mandazi. Wasichana walianza kuja pale mama mmoja Msomali alipokuja na mabinti zake, akakaa mlangoni na ushanga wake, na habari ikaenea kwamba pale pana mtu mzima.

Wazee hawajakubali wote. Baba mdogo wa yule msichana alikuja Jumamosi moja, akasimama nje muda mrefu. Nilimletea kiti. Nilimwomba msamaha kwa lile neno, nikamweleza kwamba Ticha hakulisema, ni mimi. Aliniuliza: "Sasa ye alisema nini?" Nikajaribu kumweleza kwa maneno mengi badala ya moja: watoto wale wanapenda kuzungumza pamoja, hakuna ahadi, hakuna mali, hakuna kilichofanyika, na yeye kama mzazi ana haki ya kujua wanakaa wapi. Akafikiri. Akasema: "Ungesema hivyo." Alikunywa chai, akaondoka.

Kwa walimu na wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili, ombi langu ni dogo. Msitusomee desturi zenu kama hali ya hewa, nazo zina historia, na historia yake inafanana na yetu kuliko mnavyodhani. Mkikaa na wazee, mpeni mkalimani muda. Mwambieni anaruhusiwa kutumia sentensi tano kwa neno moja. Na kama jambo linamhusu mtoto, ofisa wa ulinzi aitwe kabla ya chai kuchemka. Hili najiambia mimi kwanza.

Kwa wazazi wetu: mtoto aliyekaa ukingoni mwa laga mahali kila mtu anamwona hakujificha. Mwiteni nyumbani. Kama nyumba haina nafasi, banda lina nafasi.

Msichana yule amerudi shule. Yuko kidato cha pili tena, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nilienda kumwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, shangazi yake akiwepo. Alifikiri kidogo, akasema niandike, bila jina lake. Halafu akaongeza: "Na uandike vizuri safari hii, kaka. Hatukuwa wachumba. Tulikuwa tunaongea."